Jinsi ya kufuatilia chama cha Wilders ukiwa hapa Kampala bila kupotezwa na voisi za WhatsApp

Kwenye grupu ya familia yetu wiki haiishi kabla mtu hajafowadi voisi eti Uholanzi inawapakia Waafrika wote kwenye ndege inawaleta Uganda, basi shangazi kule Nsambya anaanza kulia juu ya mwanawe aliyeko Rotterdam, na huyo kijana makaratasi yake yako sawa kabisa. Kila mara jina linalotajwa ni Geert Wilders, mwanasiasa wa Uholanzi anayetaka kubana wahamiaji. Nimechoka kueleza mmoja mmoja, naandika hapa mara moja.

Anza na viti. Bunge lao la chini lina viti 150 na serikali ikitaka wingi inahitaji 76. Hawana majimbo kama sisi, kura za nchi nzima zinamwagwa chungu kimoja halafu kila chama kinapimiwa chake, ndio maana vyama ni vingi mno na hakuna kinachofika 76 peke yake. Kwa hiyo ukisikia "Wilders kashinda" uliza kwanza viti vingapi na nani kakubali kukaa naye. Novemba 2023 chama chake PVV (Chama cha Uhuru) kilipata 37 kutoka 17 vya 2021, kikawa cha kwanza, na bado uwaziri mkuu hakuupata, ilibidi auachie ndio wenzake wakubali mseto, akawekwa Dick Schoof, mtu aliyewahi kuongoza idara ya ujasusi na kwenye uchaguzi hata hakugombea.

Halafu ujue hicho chama ni mtu mmoja, na sitanii. Hata chama cha akiba cha boda wa stejini kwetu kina wanachama na mweka hazina, PVV tangu ianzishwe 2006 mwanachama ni Geert Wilders basi. Wagombea anachagua yeye, sera zake, akikasirika serikali inalala chini. Juni 3, 2025 alitoa mawaziri wake kwa kuwa wenzake hawakutaka kusaini mpango wake wa kubana waomba hifadhi, serikali ikafa na miezi 11 tu. 2012 aliangusha vilevile serikali ya waziri mkuu wa wakati huo Mark Rutte kwa kuacha kuiunga mkono, ile ilikuwa kwa ajili ya kubana bajeti.

Wanaompa kura si wote wanachukia watu, hapo tuwe wakweli. Nyumba ni shida kubwa kule, na 2022 waomba hifadhi walikuwa wanalala nje kwenye nyasi pale kituo cha Ter Apel, kila mtu aliona kwenye TV. Yeye anaunganisha hayo mawili kwa sentensi moja, wenzake wanaeleza kwa kurasa 20.

Sasa hapa ndipo wengi wanapotea, wanamfuata mtu wanaacha wazo. Oktoba 2024 waziri mmoja wa PVV, Reinette Klever, alikuja Uganda akatoa wazo la kutuletea watu waliokataliwa hifadhi. Juni 2025 PVV ikatoka serikalini, watu wakasema imeisha. Septemba 2025 Uholanzi ikasaini makubaliano ya awali na Uganda kuhusu jambo hilohilo, na aliyesaini ni David van Weel wa VVD, chama kingine kabisa! Mwezi uliofuata kwenye uchaguzi PVV ikashuka mpaka viti 26, grupu ikashangilia, lakini karatasi haikushuka nayo. Kwa hiyo habari ikija angalia nani kasaini, usiangalie nani kapiga kelele.

Na soma inamhusu nani. Inazungumzia watu ambao ombi lao limekataliwa na wanatakiwa kuondoka, wa nchi za ukanda huu, wapitie Uganda kisha warudi kwao. Mwenye kibali haguswi. Sisi tayari tuna wakimbizi zaidi ya milioni 1.7, uende kambi ya wakimbizi ya Nakivale uulize kama posho inatosha, hiyo ni hoja nyingine nitaiandika siku moja.

Bando ikiwa ndogo usifungue video, fungua tovuti ya NOS, shirika lao la habari la umma, iko kwa Kiholanzi, simu ikutafsirie. Kura za maoni zisome kama utabiri wa mvua, matokeo yenyewe yanatangazwa na Kiesraad, tume yao ya uchaguzi. Voisi isiyo na tarehe usiifowadi, hata kama kaituma shangazi. Shangazi yangu nilimjibu na swali moja tu, kibali cha kijana kinaisha lini, akaenda kumuuliza, akarudi kimya, sasa anauliza nauli ya kutoka Rotterdam kuja krismasi ni ngapi.