Jinsi ya kupata sapoti ya serikali kwa utalii wa milima, misitu na maporomoko huku Nyanda za Juu Kusini

Vijana wengi kuanzia Mbeya, Rungwe, Makete mpaka Songwe wana wazo zuri kabisa, kupandisha wageni mlimani, kulala kambini, kushuka kwenye maporomoko, kuzunguka vijijini kwa baiskeli, na karibu wote wanaanza na swali moja, serikali inatoa hela wapi. Mimi nakwambia hilo lisubiri kwanza. Anza na hili: hicho kivutio ni cha nani?

Jibu lake ndo linakuambia ofisi ya kwenda. Mlima Rungwe ni hifadhi ya mazingira asilia na uko chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, Ziwa Ngozi nalo liko ndani ya msitu wa hifadhi kwahiyo ni hao hao TFS. Kitulo, ile ya maua, ni hifadhi ya taifa tangu 2005, hapo unaongea na TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Kimondo cha Mbozi kiko Songwe lakini wanaokisimamia ni mamlaka ya Ngorongoro, watu wengi hawajui hilo wanaishia kuzunguka ofisi za wilaya bure. Alafu kuna maporomoko na mapango kibao ambayo yako kwenye ardhi ya kijiji, hayana ofisi yoyote juu yake zaidi ya serikali ya kijiji, na kwa maoni yangu haya ndo ya kuanza nayo maana maamuzi yanafanyika hapo hapo mnapokaa.

Kama ni ardhi ya kijiji, usiishie kwa mwenyekiti. Jambo linatakiwa lipite halmashauri ya kijiji alafu mkutano mkuu wa kijiji, na muhtasari uandikwe, usainiwe, upigwe muhuri. Huo muhtasari utaulizwa kila mahali baadae, kwenye mkopo, kwenye andiko la mradi, hata siku akija mtu wa nje na hela zake anataka kujenga loji pale juu ya maporomoko, ninyi mna karatasi. Mkitaka kijiji kitoze kiingilio, inabidi itungwe sheria ndogo ya kijiji na ipitishwe na baraza la madiwani la halmashauri ya wilaya, bila hivyo mnakusanya hela ambayo mtu yeyote anaweza kuwauliza mmepewa ruhusa na nani. Na jengo la kudumu lisiwe ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa, sheria ya mazingira ya 2004 iko wazi hapo, nawaambia mapema kwasababu kila mtu anataka banda liwe karibu na maji.

Kama ni msitu wa TFS au hifadhi ya TANAPA msiende kuomba "msaada" kwa ujumla. Nendeni na kitu kimoja au viwili vinavyoeleweka: tunaomba vijana wetu watambulike kama waongozaji wa njia hii, tunaomba kusafisha na kuweka alama njia ya kupandia, tunaomba eneo la kambi pale. TANAPA wana kitengo cha ujirani mwema kwa ajili ya vijiji vinavyopakana na hifadhi, na miradi yao mingi imeenda kwenye madarasa, zahanati na vikundi vya uzalishaji mali. Kwahiyo kama kijiji chenu kinapakana na Kitulo mna mlango ambao kijiji cha mbali hakina, utumieni.

Sasa vibali. Kikundi kinasajiliwa halmashauri kupitia afisa maendeleo ya jamii wa kata, huyu mtu mheshimuni sana maana karibu kila kitu kinapita kwake. Kampuni inasajiliwa BRELA, TIN ni TRA. Lakini ukianza kuuza safari kwa watalii kuna leseni nyingine ya biashara ya utalii inayotoka Wizara ya Maliasili na Utalii, wengi wanaiita TALA, ipo kwa Sheria ya Utalii ya 2008. Ina madaraja, anayepandisha watu mlimani hayuko daraja moja na kampuni ya safari yenye magari, kwahiyo ulizia linalowahusu kabla hamjakata tamaa kwa kusikia bei ya mtu mwingine. Pia Bodi ya Utalii, TTB, wana programu ya utalii wa utamaduni ambayo ipo tangu miaka ya 90, Mto wa Mbu na Longido walianzia huko, na kikundi cha kijiji kikiingia humo kinapata ushauri na kutangazwa, na hilo kwa kikundi ambacho hakina hela ya matangazo ni kubwa.

Tuje kwenye hela. Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 kwasababu ya matatizo ya usimamizi, ikarudi 2024 na utaratibu mpya, kwahiyo usimsikilize anayekwambia ilishakufa. Mnahitaji kikundi kilichosajiliwa, katiba, akaunti ya benki ya kikundi, na andiko linaloonyesha biashara ipo au inaanzaje. Hapa ndo vikundi vya utalii vinapigwa chini, maana kamati imezoea kuku, bodaboda, cherehani, vitu ambavyo hela inarudi kila wiki. Yenu hairudi hivyo! Huku kwetu watu wanapanda milima zaidi kiangazi, Juni mpaka Oktoba, wakati maua ya Kitulo yanataka mvua, kuanzia Desemba mpaka Aprili hivi. Kwahiyo andikeni kabisa kwenye andiko miezi gani mnapata wageni na miezi gani hakuna kitu, alafu ombeni marejesho yafuate hiyo kalenda, na muonyeshe kingine mnachofanya miezi mibaya, asali, chai, parachichi, chochote ambacho kweli mnacho. Na ombeni vitu vinavyoshikika: mahema, viatu vya kukodisha, kamba, baiskeli, majiko. Vifaa vinabaki hata msimu ukiwa mbaya, na afisa akija kukagua anaviona.

Barabara na alama ni sapoti ambayo watu wanaisahau na mimi naona inazidi mkopo. Mgeni akishindwa kufika hakuna biashara. Barabara za vijijini ni za TARURA, zile kubwa za mkoa na kuu ni TANROADS, msichanganye. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1 na bunge la bajeti linakaa Aprili mpaka Juni, ukienda kulilia barabara mwezi wa tano umechelewa, vipaumbele vinaanza kukusanywa vijijini na kwenye kata miezi mingi kabla, mwishoni mwa mwaka na Januari huko. Ombi lenu liingie kwenye mpango wa kijiji, lipande kamati ya maendeleo ya kata, na diwani alibebe. Mbunge mpeni nakala, ila msimtegemee peke yake.

Kuhusu miradi mikubwa, kuweni makini. REGROW ilikuwa ya kukuza utalii wa kusini, Benki ya Dunia ilipitisha dola milioni 150 mwaka 2017, hifadhi za Ruaha, Mikumi, Udzungwa na Nyerere, watu wakapanga maisha yao kuizunguka, na 2024 ikafutwa baada ya malalamiko ya wananchi wa maeneo ya Ruaha. Mradi ukija ingieni, chukueni mafunzo, lakini msijenge kikundi ambacho hakiwezi kutembea siku ukiondoka.

Mafunzo ni muhimu kwasababu mlima hauna huruma na ukungu wa Rungwe unashuka ghafla. Chuo cha Taifa cha Utalii kinafundisha uongozaji, Msalaba Mwekundu huduma ya kwanza, na Zimamoto na Uokoaji waandikieni barua waje kuwaona mapema, waijue njia yenu, namba yao ni 114.

Na wekeni daftari la wageni kuanzia siku ya kwanza: tarehe, wametoka wapi, wamelala siku ngapi, wamelipa nini na kwa nani. Kila baada ya miezi mitatu pelekeni nakala kwa afisa utalii wa halmashauri au afisa maliasili kama hakuna wa utalii, na ile mnayobaki nayo igongwe muhuri wa kupokelewa.