Kabla hujapiga 115: tunavyojiandaa kijijini kwa safari ya mama mjamzito

Mhudumu mpya wa afya ngazi ya jamii, binti wa kijiji jirani, aliniuliza juzi: "Dada, 115 si unapiga tu?" Kupiga ni kupiga tu, kweli. Kazi iko kabla ya hapo. Nimemwandikia haya, nawe yakikufaa chukua.

Kwa asiyejua, 115 ni namba ya bure ya m-mama, usafiri wa dharura ulioanza kwa majaribio huku kwetu Kanda ya Ziwa, na mwaka 2022 Rais Samia akauzindua kwa nchi nzima. Ni kwa mjamzito, aliyejifungua ndani ya siku 42, na mtoto mchanga hadi siku 28. Anayepokea anauliza hali ya mgonjwa, kisha anatafuta ambulensi. Isipopatikana, anaitwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, mwenye gari lake, ambaye hulipwa kwa pesa ya simu. Familia haidaiwi nauli.

Hatua ya 1: simu. Kitochi cha laini mbili, mitandao tofauti. Simu janja yangu inalala saa mbili usiku, kitochi kinakaa siku nne. Sibishani tena kuhusu hili.

Hatua ya 2: daftari. Jina la mama, tarehe ya matazamio, namba ya mume na namba ya jirani. Ya jirani ni muhimu kuliko ya mume, maana mume anaweza kuwa mnadani au machimboni.

Hatua ya 3: pa kushikia mtandao. Zunguka kila nyumba yenye mjamzito na uandike simu inashika wapi. Kwa mama mmoja kwetu ni juu ya kichuguu nyuma ya zizi, kwingine hakuna kitu.

Hatua ya 4: maelezo ya njia. Hapa tulia.

Kitongoji chetu kinaitwa Majengo. Usiku mmoja wa masika, saa nane, mama anatokwa damu, nikapiga. Nikaulizwa, "Dada, Majengo ipi?" Nikajibu kwa haraka, "Hii ya huku, ukifika mbuyu mkubwa kata kulia." Majengo ziko ngapi nchi hii? Dereva alikwenda kwanza ya kata nyingine. Aliporudi akaja kwa barabara ya juu, si ile niliyoizoea mimi, kwa hiyo kulia kwangu kukawa kushoto kwake. Na mbuyu gizani ni giza tu. Tulipoteza karibu saa tatu, na kosa lilikuwa langu. Mama yuko hai, mtoto sasa yuko chekechea, ila usiku ule sijausahau.

Tangu hapo kila mama ana karatasi yake, imeandikwa hivi: wilaya, kata, kijiji, kitongoji, kwa mpangilio huo, kisha jina la zahanati ya karibu. Njia inaanzia anakotoka dereva, si mlangoni kwa mama. Alama ziwe zinazoonekana kwa taa za gari: kalvati, msikiti, mnara wa simu. Usiandike "duka la bluu", usiku rangi haipo. Andika njia mbili, ya kiangazi na ya masika, kwa sababu udongo wetu ni mbuga nyeusi na mvua ikikolea gari linazama hadi ekseli. Mwisho, jina na namba ya kijana atakayesimama barabarani na tochi.

Ukimaliza, mpe karatasi bodaboda asiyekijua kijiji. Akifika bila kukupigia, imepita. Yangu ya kwanza ilimpeleka kwenye lambo la ng'ombe.

Wapo wanaonishauri nitume ramani kwa WhatsApp. Mjini, sawa. Hapa itahitaji bando langu, bando la dereva na mtandao kwetu sote wawili kwa wakati mmoja.

Hatua ya 5: dalili. Damu, degedege, kichwa kikali na macho kuona ukungu, uso kuvimba, homa, chupa kupasuka kabla ya uchungu, mtoto kuacha kucheza. Moja tu inatosha kupiga. Usimsubiri mama mkwe aamue.

Hatua ya 6: kupiga. Soma karatasi, usisimulie. Ukikata, usiitumie simu hiyo kuwaarifu ndugu, maana dereva atakupigia na kukuta inatumika. Shangazi apigiwe kwa simu nyingine.

Hatua ya 7: nauli ya kurudi. Sisi tunachanga shilingi 500 kwa kaya kila mwezi kwenye kikoba, zinamtosha mama na anayemsindikiza. Kadi ya kliniki, kanga na nguo za mtoto viwe kwenye mfuko mmoja, umetundikwa nyuma ya mlango. Si sandukuni, ufunguo wa sanduku anao mume.