Alizeti kwa Kisu, Bila Kuhesabu Petali

Ukitaka kujifunza kuchora maua kwa rangi, ukitumia kisu badala ya brashi, anza na alizeti, na ungoje mwezi wa tatu au wa nne, mashamba ya njia ya Kongwa yakiwa yamechanua. Waridi litakuchosha. Petali zake zimekunjana, na kila moja inataka uiangalie peke yake. Alizeti haina mambo mengi: kiini cha kahawia, njano kuzunguka, basi. Halafu petali yake inafanana umbo na ncha ya kisu, kwa hiyo ukigusa mara moja umepata petali nzima.

Omba machache kwa mwenye shamba, uyakate asubuhi jua halijakaza, na uyatie kwenye ndoo ya maji palepale shambani. Nyumbani mimi huyaweka kwenye jagi la bati, lile jeupe lenye ukingo wa buluu. Chombo cha kioo kiache kwanza, maana utaanza kuhangaika na mabua yanayoonekana majini.

Kisu chenyewe si kile kirefu kilichonyooka, hicho ni cha kuchanganyia rangi. Cha kuchorea kina shingo iliyopinda ili vidole visiguse mchoro. Kimoja chenye umbo la chozi kinatosha. Dukani bonyeza ncha yake kwenye kaunta: ikipinda na kurudi, lipa. Vile vya plastiki vinavyouzwa stesheneri pamoja na seti za watoto ni vigumu, havikusaidii. Ukikosa kabisa, chukua skrepa ndogo ya fundi rangi, uisugue kona zake kwa msasa.

Rangi iwe nzito, akriliki ya tyubu. Rangi ya mafuta ya kopo, ambayo Edward Saidi Tingatinga aliitumia alipoanza mtindo wake Dar es Salaam mwaka 1968, inapendeza sana kwa brashi juu ya hadibodi, ila kwa kisu inatiririka tu. Nunua nyeupe nyingi, njano ya limao, njano iliyokolea, nyekundu, kahawia na buluu ya ultramarini. Nyeusi sinunui. Ultramarini na kahawia zikichanganywa hutoa giza zuri zaidi, na ukiizidisha buluu au kahawia giza hilo linakuwa la baridi au la joto, upendavyo.

Sasa tatizo letu la Dodoma. Akriliki hukauka maji yake yakitoka, na upepo wa huku unayanyonya hujamaliza hata kuchanganya. Fanya kazi asubuhi, mbali na dirisha linalopitisha upepo. Tandaza kitambaa kilicholoweshwa kwenye sinia, juu yake karatasi ya kuokea mikate, ndipo uminye rangi, kidogo kidogo. Kuwa na chupa ya kunyunyizia maji, ile wanayotumia vinyozi. Rangi ikishaanza kufanya ngozi juu, itoe. Ukiilazimisha itakuachia madonge.

Kabla ya rangi, finya macho uyatazame maua mpaka petali zipotee. Kitakachobaki ni mabonge matatu au manne ya giza na mwanga. Hayo ndiyo unayochora. Jagi lisikae katikati kabisa. Mashambani alizeti zilizokomaa huelekea mashariki zote, lakini kwenye jagi zigeuze: moja ikutazame, nyingine iwe ubavu, nyingine ikupe kisogo na kile kikonyo chake cha kijani. Ya ubavu kiini chake ni yai lililobanwa, si duara, na hapo ndipo wengi wanapoteleza.

Paka ukuta wa nyuma kwanza, kijivu cha buluu, rangi nyembamba ya kukwanguliwa kwa kisu kilicholala. Kisha weka giza la majani, mapande makubwa bila mishipa. Wanafunzi wangu wa barazani hapa Nkuhungu hawalipendi hili. "Shangazi, mbona jani halina mishipa?" Namwambia mtu aende akasimame getini alitazame kutoka kule. Akirudi haulizi tena.

Petali ndiyo kazi yenyewe. Shika kisu kama fundi lipu anavyoshika mwiko, kwa wepesi, mkono ukitembea kuanzia begani. Gandamiza tumbo la kisu kwenye njano iliyokolea, vuta, mpaka ukingo mmoja ubebe mstari mnene wa rangi. Kwenye ncha chota limao kidogo, usichanganye. Gusa pale petali inapotokea kwenye kiini, laza kisu, vuta kwenda nje, nyanyua. Utaona rangi mbili zimepita pamoja, na mwishoni imebaki kingo ndogo iliyosimama, inayoshika mwanga wa dirishani. Usirudi pale. Ukirudia mara ya pili kingo inalala, ya tatu njano inageuka matope. Futa kisu kwa kitambaa, kila mara, ndipo uchote upya.

Anza na petali za kivulini, njano yenye kahawia kidogo, na zile za mwanga zije juu. Ua moja tu lipate petali zinazohesabika. Mengine yawe mapande, na sehemu mbili tatu uburuze kisu rangi ikiwa mbichi, njano iingie ukutani mpaka isijulikane ua limeishia wapi. Petali iliyonenepa usiikwangue. Chukua rangi ya ukuta uikate kwa pembeni. Mabua yachore kwa kukuna na ncha.

Jagi jeupe halipakwi nyeupe. Lipe kijivu, buluu upande wa kivuli, njano hafifu pale rangi ya maua inapoangukia, na nyeupe safi iguse mara moja tu kwenye mdomo.

Ukijikuta unatafuta pa kuongeza, osha kisu. Akriliki ikikaukia kwenye shingo yake itakusumbua.

Wanaopenda rangi ya mafuta ya tyubu watafurahia nafasi ya kufanya kazi polepole, ila petali nene hufunga ngozi juu huku ndani ikibaki mbichi kwa wiki nyingi, na vumbi letu mnalijua. Mafuta ya alizeti yanayouzwa kwenye chupa barabara ya Singida yasikutamanishe, hayo ni ya kupikia. Kwenye rangi hukauka taratibu mno na mchoro unabaki unanata. Tumia ya mbegu za kitani (linseed). Na vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani usivirundike kwenye kona yenye joto, vinaweza kujiwasha vyenyewe. Vianike nje kimoja kimoja, au viloweke maji kwenye kopo la bati lenye mfuniko.