Ijaribu nyumba kabla ya kuagiza pampu ya joto

Kabla ya kuagiza pampu ya joto, yaani mtambo wa umeme wa kupasha nyumba joto, ni vyema kuijaribu nyumba yenyewe wakati boila ya zamani (mtambo unaochoma gesi au mafuta ili kupasha maji) ingali inafanya kazi. Siku ya baridi kali, punguza halijoto ya maji yanayokwenda kwenye rejeta za ukutani (vyuma vinavyopitisha maji ya moto ili kupasha chumba) hadi nyuzi 50 za Selsiasi, uache mfumo ufanye kazi mfululizo kwa saa 24, kisha upite chumba kwa chumba ukiwa na kipimajoto. Chumba kinachobaki na baridi huenda kikahitaji rejeta kubwa zaidi, au pengine kinapoteza joto tu kupitia dari na kingo za madirisha. Anza na upotevu huo, kwa kuwa kuziba nyufa ni nafuu kuliko kubadilisha rejeta. (Matundu ya hewa yaliyowekwa makusudi yasiguswe, hasa boila ya gesi ikiwa bado imo ndani.) Pampu haichomi kitu, bali huhamisha joto kutoka nje, na kadiri maji yanavyotakiwa kuwa moto zaidi ndivyo inavyotumia umeme mwingi; ndiyo maana jaribio linafanywa kwa maji ya nyuzi 50. Tangi la maji ya kuogea lisihusishwe na jaribio hili: libaki kwenye nyuzi 60, ili bakteria wa lejionela, wanaosababisha ugonjwa wa mapafu, wasizaliane.