Jinsi ya Kuchunguza Lenzi Usiyoipenda Kabla ya Kuamua Kuiuza

Karibu kila mpigapicha aliyeifanya kazi hii kwa miaka kadhaa anayo lenzi moja ambayo hakuwahi kuizoea. Haijavunjika wala haina mkwaruzo, na pengine ilinunuliwa kwa bei kubwa baada ya kusifiwa na kila aliyeulizwa, lakini kila anapopanga mkoba wake huiruka na kuchukua nyingine. Wengi huamua upesi kwamba lenzi hiyo ni mbaya, wakaiuza kwa hasara, wakanunua ya bei ghali zaidi yenye urefu uleule wa fokasi (namba ya milimita inayoonesha kama lenzi inaona eneo pana au jembamba), na baada ya muda mfupi nayo ikaachwa kabatini. Mwongozo huu unaeleza namna ya kutafuta chanzo chenyewe kabla ya kutoa fedha, kwa sababu lenzi huchukiwa kwa sababu za aina mbalimbali: umbali inaokulazimisha kusimama, namna inavyokaa mkononi, mwenendo wa fokasi yake, na mwisho ubora wa picha. Ninashauri uchunguzi ufuate mpangilio huohuo. Ubora wa picha ndio unaopimwa kwa namba na kujadiliwa kuliko mengine yote, na kwa hiyo watu huanza nao, ilhali kwa maoni yangu ndio sababu adimu kuliko zote.

Anza na ushahidi ulio nao tayari. Kila faili ya picha ya dijitali hubeba taarifa za lenzi iliyotumika, urefu wa fokasi, uwazi (tundu linalopitisha mwanga, huandikwa f/ na namba, na namba ndogo ni tundu kubwa) na kasi ya shata, yaani pazia linalofunguka ili mwanga uingie. Programu ya Lightroom Classic inakuwezesha kuchuja maktaba nzima kwa taarifa hizo, na digiKam, ambayo hutolewa bure, inafanya hivyo pia. Hesabu picha zilizopigwa kwa lenzi hiyo, kisha hesabu zile ulizozibakiza au kumkabidhi mteja, na uzilinganishe. Ikiwa ulipiga chache lakini nyingi kati yake zimebaki, lenzi haina kasoro ya picha, na unachokikwepa ni kuibeba au kuishika. Ikiwa ulipiga nyingi na karibu zote ukazifuta, chunguza umbali na fokasi. Kwa lenzi ya kuvuta (zoom), ambayo urefu wake hubadilika, kama ile ya milimita 18 hadi 55 iliyouzwa pamoja na kamera nyingi za kuanzia, tazama kama picha zimerundikana upande mmoja. Anayekuta karibu kila picha yake iko kwenye 55 amekuwa akitafuta lenzi ndefu zaidi bila kujua, na aliyekwama kwenye 18 anafanya kazi mahali pembamba.

Umbali ndio mahali penye mengi ya kusema, na mfano bora ni lenzi ya milimita 50 yenye uwazi wa f/1.8. Hii ndiyo lenzi ambayo karibu kila anayeanza hushauriwa kuinunua, kwa kuwa ni nyepesi, ni ya bei nafuu, na hupokea mwanga mwingi. Toleo la Canon la mwaka 1990 lilikuwa na uzito wa gramu 130 tu, na lile lililolifuata mwaka 2015 liliboreshwa mota yake na kuweza kusogea hadi sentimita 35 kutoka kwa kinachopigwa. Sifa ya urefu huo, hata hivyo, ilijengwa katika zama za filamu ya milimita 35. Mpigapicha Mfaransa Henri Cartier-Bresson alifanya sehemu kubwa ya kazi yake kwa kamera ya Leica na lenzi ya milimita 50, lakini fremu yake ilikuwa na upana wa milimita 36. Kamera za bei nafuu za leo zina sensa (kipande kinachonasa picha) ndogo iitwayo APS-C, ambayo kwa Canon ina upana wa takriban milimita 22.3. Lenzi ileile ikifungwa hapo huona eneo ambalo lenzi ya milimita 80 ingeliona kwenye fremu kamili, yaani sensa yenye upana uleule wa milimita 36, na kwa Nikon, Sony na Fujifilm eneo la milimita 75.

Hesabu yake ni rahisi na inafaa kufanywa kabla ya kununua chochote. Ukitaka kumpiga mtu mzima aliyesimama, kichwa hadi miguu, ukiacha nafasi kidogo juu na chini, unahitaji fremu inayofunika kama mita 2 kwa urefu. Kwa lenzi ya milimita 50 kwenye sensa ya fremu kamili utasimama takriban mita 2.8 kutoka kwake, lakini kwenye APS-C ya Canon utahitaji mita 4.5. Sebule nyingi hazina nafasi hiyo. Mpigapicha anagusa ukuta kwa mgongo, anakata miguu ya watu katika kila picha ya familia, na jioni anaitupia lenzi lawama. Akienda nje kupiga picha ya kichwa na mabega, lenzi hiyohiyo inampa umbali mzuri wa takriban mita 1.4, ambao hauipotoshi sura wala haumlazimu kupaza sauti ili asikike. Lenzi hiyo ni nzuri kwa sura, nayo ilipewa kazi ya sebuleni.

Njia ya kujua urefu unaokufaa ni kufunga lenzi ya kuvuta mahali pamoja. Chukua ile ya 18 hadi 55, izungushe hadi 35, bandika utepe wa karatasi juu ya pete ili isisogee, na ufanye nayo kazi zako za kawaida kwa wiki nzima bila kuubandua. Wiki inayofuata ifunge kwenye 24, kisha kwenye 50. Usihukumu kwa ukali wa picha. Angalia ni wapi ulirudi nyuma mara kwa mara, ni wapi ulijikuta ukimsogelea mtu hadi akakunja uso, na ni wapi uliacha kuifikiria lenzi kabisa. Huo wa mwisho ndio urefu wako. Ikiwa ni 35, Nikon ina ya f/1.8 iliyotengenezwa mwaka 2009 kwa ajili ya sensa ndogo, na ikiwa ni 24, Canon ilitoa nyembamba sana ya f/2.8 mwaka 2014. Kumbuka tu kwamba lenzi fupi haibadilishi sura ya mtu kwa nguvu zake yenyewe. Pua hukua kwa sababu umesogea karibu, na ukirudi nyuma kisha ukakata picha, uwiano wa uso unarudi kama ulivyo.

Suala la mkono halijitokezi katika vipimo vya maabara, na kwa hiyo watu huona aibu kulitaja, kana kwamba kuchoka si sababu ya kutosha. Ni sababu ya kutosha kabisa. Lenzi ya Canon ya milimita 70 hadi 200 yenye f/2.8 na kidhibiti mtikisiko, toleo la pili la mwaka 2010, ina uzito wa gramu 1490 bila kamera. Ile ya f/4 yenye kidhibiti mtikisiko ina gramu 760, takriban nusu yake. Anayepiga harusi kuanzia alasiri hadi usiku wa manane anapaswa kujiuliza ni picha ngapi hasa zilihitaji f/2.8, na taarifa za faili zitamjibu. Kabla ya kubadilisha, jaribu kuishika vizuri zaidi: kiganja cha kushoto kiwe chini ya pipa la lenzi, si ubavuni, viwiko vikaribie mbavu, na mkanda ufungwe kwenye bangili ya tripodi (pete ya kufungia lenzi kwenye tripodi) badala ya kwenye kamera.

Wakati mwingine kinachosumbua ni mwendo wenyewe wa kuvuta. Canon ilipotoa lenzi yake ya milimita 100 hadi 400 mwaka 1998, iliifanya ivutwe kwa kusukuma pipa mbele na kulirudisha nyuma, badala ya kuzungusha pete. Baadhi ya wapigapicha wa ndege waliupenda mtindo huo kwa wepesi wake, na wengine hawakuuzoea hata baada ya miaka, hadi toleo la pili la mwaka 2014 liliporudi kwenye pete ya kuzungushwa. Vilevile, pete za fokasi za Nikon huzungushwa kinyume na za Canon, na aliyehama kutoka kampuni moja kwenda nyingine anaweza kukosa picha kwa miezi kadhaa kwa sababu hiyo pekee. Lenzi za kuvuta mbali, kama ile ya Nikon ya 18 hadi 200 iliyotoka mwaka 2005, hujulikana kwa pipa linaloteleza zinapoelekezwa chini. Ukanda mpana wa mpira uliovishwa kwenye mwanya kati ya pete na pipa hulizuia bila gharama.

Kuhusu fokasi, tenganisha kwanza wepesi na usahihi. Lenzi ya Canon ya milimita 85 yenye f/1.2, iliyotoka mwaka 1989 na kuboreshwa mwaka 2006, inasogeza kioo kizito sana, na hata katika toleo la pili lenye uzito unaozidi kilo 1 haikuwa ya kumkimbiza mtoto uwanjani. Pete yake ya fokasi huendesha mota ya umeme, hivyo kamera ikizimwa kuizungusha hakuleti chochote, jambo linalowakera waliozoea pete za zamani. Isitoshe, ukimpiga mtu kwa f/1.2 kutoka mita 1.5, kina cha ukali, yaani unene wa eneo linaloonekana kali, ni takriban sentimita 2, kwa hiyo mtu akipumua tu jicho linaweza kutoka nje ya fokasi. Wengi walioiacha wangefurahia zaidi ile ya f/1.8 yenye gramu 425, ambayo fokasi yake ni ya haraka.

Usahihi hupimwa hivi. Weka kamera kwenye tripodi, bandika ukurasa wa gazeti ukutani penye mwanga wa kutosha, fungua uwazi wote, kisha piga picha kadhaa ukitumia fokasi ya kitazamio (kidirisha cha kuchungulia kwa jicho) na nyingine ukitumia fokasi ya skrini, huku ukiivuruga fokasi kati ya picha moja na nyingine. Ikiwa za skrini ni kali na za kitazamio zimefifia daima kwa namna moja, lenzi ni nzima, ila kamera na lenzi hazijalinganishwa. Canon 50D, Nikon D300 na nyingine za daraja hilo zina mpangilio wa kurekebisha hali hiyo kwenye menyu, lakini nyingi za kuanzia hazina. Ikiwa fokasi haijiendeshi kabisa, tazama kama lenzi ina mota: lenzi za Nikon za aina ya AF-D hazina, na kamera ya D40 ya mwaka 2006 pamoja na zile za D3000 na D5000 haziwezi kuziendesha.

Sasa ndipo picha zichunguzwe. Ondoa kwanza chujio lililo mbele, kwani kioo cha bei rahisi huzalisha ukungu na miwako ambayo lenzi hubebeshwa. Kisha zima taa chumbani na umulike tochi ya simu kupitia lenzi ukitazama kutoka upande wa pili. Wanaoishi Dar es Salaam, Mombasa, Zanzibar na kwingineko penye unyevu wa bahari wasiruke hatua hii, kwa sababu kuvu huota ndani ya lenzi iliyokaa gizani muda mrefu, na lenzi isiyopendwa ndiyo inayokaa gizani. Huonekana kama nyuzi nyembamba zinazotawanyika, nazo hufifisha rangi muda mrefu kabla mwenyewe hajagundua. Kinga yake ni sanduku lisilopitisha hewa lenye pakiti za silika zinazofyonza unyevu, na kuitumia lenzi mara kwa mara.

Mwisho piga ukuta wa matofali kwa f/5.6, kamera ikiwa imenyooka sambamba nao, ulinganishe pembe nne. Pembe moja ikiwa imefifia sana kuliko nyingine tatu, kuna kioo kilichopotoka ndani, na hapo ni kazi ya fundi. Pembe zote zikiwa dhaifu kwa usawa, huo ndio uwezo wa lenzi. Canon ya milimita 75 hadi 300, toleo la tatu, ni mfano wa lenzi dhaifu kweli: kwenye 300 inafifia, kingo za vitu vyeupe huwa na rangi ya zambarau, na sehemu ya mbele huzunguka wakati wa fokasi hivyo kulivuruga chujio la polaraiza, linalopunguza mng'ao. Mwenye nayo aitumie hadi 200, kwa f/8 na shata ya 1/500 au zaidi, nayo itampa picha za kuridhisha. Akihitaji ubora zaidi kwa kamera yenye sensa ndogo, ile ya 55 hadi 250 yenye kidhibiti mtikisiko, iliyotoka mwaka 2013, ni nyepesi zaidi na kali zaidi kwa tofauti inayoonekana.

Ukishajua sababu, azima au kodi lenzi unayodhani itaitibu kabla ya kununua, na uipeleke kwenye kazi ileile iliyokushinda. Usiuze lenzi kwa sababu tu huitumii mara nyingi. Lenzi ya kupiga vitu vidogo inaweza kutoka mara mbili kwa mwaka na bado isiwe na mbadala. Ukiamua kuuza, mwoneshe mnunuzi lenzi kwa tochi, mwache apige kwa uwazi wote kwenye kamera yake mwenyewe, na umweleze kilichokusumbua. Hilo halitaishusha bei kama wengi wanavyohofu, hasa ikiwa tatizo lilikuwa fokasi ya kitazamio, kwa sababu kwenye kamera isiyo na kioo cha kuakisi, ambayo hupima fokasi kwenye sensa yenyewe, lenzi hiyohiyo ikifungwa kwa adapta inayofaa kosa hilo halijitokezi.