Saladi ya kabeji na tambi kavu kama kaukau

Adui wa saladi hii ni maji. Kabeji ikioshwa isikaushwe, au nyanya ikitiwa kwa mazoea ya kachumbari, tambi hulowa kabla sahani haijazunguka. Na kwa unyevu wa Dar es Salaam, tambi zilizokaangwa zikiachwa wazi hulegea hata bila kuguswa na maji. Kwa hiyo andaa kila kitu peke yake, uchanganye walaji wakiwa wameshanawa.

Kwa watu wanne: pakiti mbili za tambi za gramu 70, kabeji nusu kilo, karoti mbili, hoho moja, kitunguu maji kidogo, fungu la giligilani, karanga mbichi nusu kikombe na ufuta vijiko viwili vya chakula.

Tambi zinazotakiwa ni zile za kuiva dakika chache, ambazo mjini watu huziita Indomie hata jina la pakiti likiwa jingine. Nyingi zimeshapikwa kwa mvuke na kukaangwa kiwandani, ndiyo maana hazihitaji kuchemshwa. Tambi za kupika kwa nazi na sukari hazifai hapa: ni unga mbichi uliokaushwa, zitaumiza meno.

Anza na kabeji. Bandua majani ya nje, ipasue, toa kigogo, ioshe vizuri, kisha isuuze kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, maana hailiwi ikiwa imepikwa. Kata nyembamba kwa kisu kikali. Kisu butu hukamua jani badala ya kulikata, na kabeji hutoa maji palepale. Karoti nazo zikate vijiti kama vya kiberiti, ukizikwaruza zitachuruzika. Kitunguu kifikiche kwa chumvi, ukisuuze, ukikamue. Kabeji usiitie chumvi kabisa, huivuta maji yake yote. Funga mboga kwenye kitambaa safi kikavu, weka kwenye friji nusu saa. Kama huna friji, kata mboga mwisho, wakati karanga na tambi zimeshapoa.

Karanga zikaange bila mafuta kwa moto mdogo, kama dakika 8 hadi 10, ukigeuza. Zikipoa, zifikiche na kupepeta maganda, kisha zitwange kidogo tu zipasuke. Ufuta unataka dakika mbili; ukianza kurukaruka, epua.

Sasa tambi. Zivunje zikiwa bado ndani ya pakiti, vipande vya ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Vikiwa vidogo zaidi huungua na kugeuka vumbi. Pasha kijiko kimoja cha mafuta kwenye kikaango, mimina tambi, geuza bila kuondoka, moto mdogo, dakika 4 hadi 6. Ziepue zikiwa rangi ya dhahabu na uzimwage kwenye sinia papo hapo, kwani kikaango chenye moto huendelea kuzichoma na uchungu wake hauondoki. Viungo vya pakiti nyunyiza baada ya kuepua, nusu ya pakiti moja inatosha. Vikiwa motoni huungua upesi. Ziache zipoe kabisa ndipo uzifunike: ukifunika za moto, mvuke utazilowesha.

Sosi: maji ya ndimu vijiko vitatu vya chakula, mafuta ya alizeti vitatu, sosi ya soya kimoja, sukari vijiko viwili vya chai, tangawizi na punje moja ya kitunguu saumu vilivyotwangwa. Tia kwenye chupa yenye kifuniko, tikisa mpaka iwe nzito kidogo. Usiongeze chumvi kabla ya kuonja, soya inayo ya kutosha. Ndimu ina harufu nzuri kuliko siki, tumia siki ukikosa tu.

Wakati wa kula, changanya mboga na sosi kwanza, kisha karanga, ufuta na giligilani. Tambi ziwe za mwisho. Geuza mara mbili tatu, upakue. Una kama dakika 10 kabla hazijaanza kulainika.

Kama wageni wanachelewa, tenga tambi kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, kila mtu ajinyunyizie sahanini mwake.