SOMO: Kulinda pikipiki ukiwa umeipaki, loki ya usukani peke yake haitoshi

Wakuu habari za jioni. Hili somo nimelirudia kijiweni mpaka mdomo umechoka, kila akija kijana mpya na pikipiki mpya naanza upya, kwa hiyo leo naliandika lote hapa, atakayeuliza namtumia tu.

Kwanza niwape iliyonikuta. Niliibiwa Boxer ya bosi, naendesha kwa mkataba wa kumlipa hesabu mpaka iwe yangu, na ilibaki miezi miwili tu. Nilisimama Tandika kwenye duka la dawa, mtoto alikuwa na homa, nikapiga loki, nikachomoa funguo, nikaingia, mbele yangu kulikuwa na watu watatu tu. Natoka nakuta tone la oili pale kwenye saruji, bado bichi, na lile tambara langu la kufutia siti limetupwa pembeni. Mama mmoja anayeuza chapati jirani na hapo ananiambia kabisa bila wasiwasi, "si umemtuma yule kijana? Kaondoka anasukumwa na mwenzie, nikajua imeisha mafuta." Dah. Yani aliiona inaondoka kwa macho yake na hakushtuka, na simlaumu, hata mimi nisingeshtuka. Dar hii kila siku unaona boda mmoja yuko juu ya pikipiki iliyozima na mwenzie nyuma kamwekea mguu anamsukuma. Nani atauliza?

Hapo ndo nilipoelewa kuwa wezi wa pikipiki wako wa aina mbili, na hili mlishike maana somo lote linasimama hapa. Kuna mwizi wa KUWASHA, huyo anachezea swichi na nyaya anaondoka anaendesha. Na kuna mwizi wa KUSUKUMA au KUBEBA, huyo hana shida na funguo yako wala nyaya zako, anavunja loki anasukumwa na mwenzie, au usiku wanakuja wanne na kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, wanainyanyua kama gunia la mkaa. Kila kifaa unachotaka kununua jiulize kwanza, hiki kinamzuia yupi? Watu wanapigwa hela kwa sababu hawajiulizi.

HATUA YA 1: Ijue loki yako ya usukani

Kuna fundi alinifungulia shingo ya pikipiki mbovu akanionyesha. Ile loki ni kijipini kifupi, chembamba kuliko kidole changu kidogo, kinachoingia kwenye katundu. Basi. Ukisikia "kta" unajiona umefunga kumbe umemchelewesha mtu kidogo tu. Piga loki kila siku, siyo kwamba haina kazi, ila iwe kama kurudishia mlango wakati komeo bado. Na kagua, kama swichi imechakaa mpaka funguo inachomoka pikipiki ikiwa inaunguruma, hiyo hata funguo ya jirani inaweza kuifungua. Swichi mpya na funguo zake siyo bei ya kukukosesha usingizi, badilisha.

HATUA YA 2: Cheni, na ipite sehemu sahihi

Hii ndo dawa ya mwizi wa kusukuma, na hapa nitakaa kidogo.

Cheni ya mbwa usinunue. Cheni ya geti ile laini ya kuuzwa kwa mita pia mkasi wa nondo unaipitia kama muwa. Tafuta ile ya chuma kigumu, nzito, pete zake za pembe nne, nyingi zinakuja zimevalishwa kitambaa au mpira. Ukiwa dukani omba msumeno wa chuma ujaribu kuikwaruza pete ya mwisho, ikiliwa kirahisi rudisha. Mwenye duka akikataa usijaribu, jibu umeshapata. Kufuli nalo liwe la maana, watu wanaweka cheni ya elfu 40 halafu kufuli la elfu 3, mwizi hahangaiki na cheni anahangaika na kufuli.

Sasa wapi upitishe. Naona wengi wanafunga tairi la mbele na nguzo. Tairi la mbele linashikwa na ekseli moja na nati, mtu mwenye spana anakuachia tairi na cheni yako anaondoka na pikipiki, atanunua tairi lingine. Wewe pitisha tairi la NYUMA, kati ya rimu na ule mkono wa chuma unaolishika tairi, mafundi wanauita swingamu, halafu zungusha kwenye nguzo, mti mkubwa au geti lililochomelewa. Nguzo yenyewe iangalie juu, kuna vijana wameibiwa kwa sababu walifunga kwenye kibomba kifupi, wezi wakanyanyua pikipiki na cheni yake ikatokea juu!

Na cheni isilale chini. Ikigusa ardhi mwizi anaegesha mkono mmoja wa mkasi chini anaukandamiza kwa uzito wa mwili wote. Ikiwa inaning'inia juu, imekaza, hana pa kuegemeza, anahangaika nayo.

Kama hakuna pa kufunga, funga hivyo hivyo tairi la nyuma na swingamu. Angalau haitasukumika, watalazimika kuibeba, na kubeba Boxer mchana kweupe watu wanaona.

Kuhusu kufuli la diski, ni zuri na dogo linaingia mfukoni, ila angalia kwanza kama pikipiki yako ina diski, maana nyingi tunazoendesha sisi zina breki za dramu mbele na nyuma. Na ufunge kamba ya rangi kutoka kwenye kufuli mpaka kwenye usukani, la sivyo utasahau uondoke nalo. Nimeona mtu kala lami Buguruni kwa sababu hiyo hiyo, abiria kampita kwa juu.

HATUA YA 3: Swichi ya siri

Hii ni ya mwizi wa kuwasha. Kaswichi kadogo kamefichwa mahali unapopajua wewe tu, ukikazima hata funguo yako mwenyewe haiwashi.

Shida mafundi wengi wanafunga vibaya. Ziko pikipiki, hasa za Kichina za kabureta, ambazo swichi ikiwa OFF kazi yake ni kuupeleka waya mmoja wa CDI (kale kaboksi kanakoipa plagi cheche) kwenye bodi, yani chuma cha pikipiki yenyewe, ili cheche isipige. Ukimpa fundi asiyejua akaukata huo waya akaweka swichi katikati, amekurahisishia mwizi, maana waya ukikatika ndo inawaka! Kwenye hizo swichi ya siri inatakiwa iupeleke waya kwenye bodi. Na ziko zingine ambazo CDI inakula moto wa betri kupitia swichi, hizo ndo unakata njia ya moto. Ukitaka usiumize kichwa mwambie fundi akate waya wa palsa, ule unaotoka kwenye injini kuiambia CDI ipige cheche saa ngapi, kwa pikipiki za CDI huo ukikatika hakuna cheche. Mjaribu fundi hapo hapo: zima swichi ya siri, chomoa soketi ya swichi kubwa (ila kama CDI yako inakula moto wa betri usichomoe, washa funguo), piga kiki mara kumi. Ikiwaka usimlipe.

Na usifiche chini ya siti. Kila mtu anaficha chini ya siti.

HATUA YA 4: Koki

Funga koki ya mafuta. Ni bure. Itawaka kwa mafuta yaliyobaki kwenye kabureta, itatembea kidogo, itazima mbele huko, na mwizi aliyezimikiwa barabarani mara nyingi anaitelekeza akijua wenyewe wanakuja. Haimzuii yule wa kusukuma. Ila ni bure.

HATUA YA 5: Alamu na GPS

Alamu ya rimoti inasaidia usiku nyumbani, mchana mjini hamna anayegeuka, zinalia zenyewe lori likipita. Kama unaipaki siku nyingi bila kuwasha ujue inakula betri.

GPS ndo napenda zaidi, ila muielewe. Ni kaboksi kanakaa na laini ya simu, ukikapigia au kukatumia meseji kanakujibu kalipo. Kwa hiyo laini isiyo na salio ni boksi tupu, na hapo ndo wengi wanapokwama, wanafunga leo, mwezi wa tatu wameshasahau kuweka vocha. Chukua yenye betri yake ya ndani, maana mwizi anayejua anang'oa betri ya pikipiki kwanza. Fundi akikufungia simama naye, asiache nyaya mpya zinaonekana, kazungushie tepu nyeusi kafanane na nyaya za zamani.

Ikishaonyesha pikipiki ipo mahali fulani usiende peke yako na rungu. Nenda na polisi.

HATUA YA 6: Usiku

Nyumba zetu za kupanga korido ndo gereji. Kama huna korido tafuta yadi ya kulazia, mimi nalipa buku kwa usiku na kuna mlinzi anayeandika namba kwenye daftari. Kama una kwako, chimba shimo, kunja nondo ya mm 16 umbo la U, mwaga zege mpaka ibaki pete tu juu, cheni inapita hapo. Mwambie fundi akunje ncha za chini nje kama miguu ili isivutike. Kazi ya siku moja na mfuko nusu wa saruji.

HATUA YA 7: Karatasi

Piga picha kadi ya pikipiki, namba ya chesisi na ya injini, jitumie kwenye barua pepe siyo kubaki kwenye simu tu. Kadi original isikae chini ya siti, unampa mwizi mali na hati yake. Halafu weka alama zako sehemu mbili tatu za siri, mimi nimegonga herufi mbili kwa patasi chini ya tenki na ndani ya madigadi. Pikipiki zinachinjwa vipuri, namba ya plate wanaitupa siku ya kwanza, alama yako inabaki.

MASWALI YA WADAU

Mdau, Morogoro: Mkuu mimi nasimama dakika mbili mbili kupeleka mizigo madukani, nitafunga cheni mara ngapi kwa siku?

Jibu: Kweli ni usumbufu. Kwa dakika mbili piga loki, zima swichi ya siri, acha gia imeingia, na simama mahali unapoiona. Ukiona unaingia ndani usipoiona, hata kama ni dakika moja, funga cheni. Mimi yangu ilikuwa dakika kama tano.

Mdau, Unguja: Assalam alaykum. Mimi mwanamke nna vespa ya kawaida ya otomatiki, haina hiyo swingamu ulosema, nifunge wapi?

Jibu: Waalaykum salaam dada. Pitisha cheni kwenye matundu ya rimu ya nyuma halafu kwenye nguzo, usifunge kwenye keria ya nyuma maana imeshikwa na bolti tu. Kama ina diski mbele ongeza kufuli la diski. Vespa nyepesi, watu wawili wanaibeba, kwa hiyo kufunga na kitu kilichosimama ni lazima. Na usiache funguo kwenye boksi la siti ukaibana, wengi wameumbuka hapo.

Mdau, Mombasa: Huku kwetu kuna mtu alinishauri nifunike nduthi na turubai usiku, yasaidia kweli ama ni hadithi?

Jibu: Inasaidia kaka. Mwizi anayepita anachagua, asiyeona ni pikipiki gani wala kama ina cheni anaona shida kufunua. Ila turubai kuukuu, ukiweka jipya linalong'aa wataanza na hilo turubai.

Mdau, Kigamboni: Nina bima, ya nini kuhangaika na vyote hivi?

Jibu: Bima ipi? Hii ndogo tunayokata ili trafiki atuache haigusi wizi wa pikipiki yako, inalipa madhara uliyomfanyia mtu mwingine. Ya wizi ni bima kubwa, au ile ndogo iliyoongezewa moto na wizi, na hata hizo watakuuliza RB ya polisi (namba ya taarifa uliyoripoti kituoni) na funguo zote mbili. Kwa hiyo funguo ya akiba usiipoteze.

Mdau, Mwanza: Tukimkamata mwizi kijiweni si tumalizane naye hapo hapo, polisi wa nini?

Jibu: Hapana mzee. Nilishuhudia kijana anapigwa karibu kufa, kumbe kaka yake ndo mwenye pikipiki, alitumwa na funguo anayo mfukoni. Mshikeni, mpigie simu mwenye mali, itisheni polisi.

Mdau, Temeke: Ile yako ilipatikana?

Jibu: Haikupatikana. Ile miezi miwili nilimlipa bosi hesabu ya pikipiki ambayo haipo, huku naendesha ya mtu mwingine.

Mdau, Dodoma: Hiyo cheni nzito unaibebaje na abiria nyuma?

Jibu: Zamani nilikuwa naivaa kiunoni kama vijana wanavyofanya, nikaacha, ukianguka nayo inaweza kukuvunja mgongo. Sa hivi nimeivalisha tyubu ya baiskeli isigonge rangi, naizungusha kwenye keria naifunga na mpira. Abiria wakilalamika inawachoma nawawekea lile tambara.